Historia ya parokia ya mjini Dar: jubilei ihesabiwe kuanzia mwaka upi, na nyaraka zitafutwe wapi?

Katibu wa Kamati

Tumsifu Yesu Kristo.

Kamati yetu imepewa kazi ya kuandaa kitabu cha historia ya parokia na kanisa lake kwa ajili ya jubilei. Parokia iko upande wa Barabara ya Nyerere na ilianza kama kigango, yaani kituo kidogo cha sala chini ya parokia nyingine. Tumekwama kabla hata ya sura ya kwanza kwa sababu miaka haikubaliani. Jiwe la msingi lina mwaka wake. Kibao cha mlangoni kinasema kanisa "lilibarikiwa" miaka miwili baadaye. Kitabu cha kwanza cha ubatizo kinaanza miaka minne kabla ya jiwe la msingi, na wazee wanashikilia kwamba watu walikuwa wanasali pale hata kabla ya hapo. Baadhi ya wajumbe wanataka tuchukue mwaka wa zamani kuliko yote tuendelee na mengine.

Naomba msaada kwa wenye ujuzi: mwaka halali ni upi? Ukiacha kabati la ofisi ya paroko, nyaraka zinapatikana wapi? Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, tuvisomeje? Na jambo la nne, ukuta wa upande wa sakristia unabanduka lipu, kamati ya ujenzi inataka kuupiga lipu mpya ya saruji kabla ya sherehe. Je, ni sawa?

Mtunza Nyaraka

Milele, amina. Katibu, miaka yenu haigombani. Kila mmoja unataja tukio lake, na kosa ni kutaka mwaka mmoja ubebe matukio yote. Tenganisheni haya: watu kuanza kusali, kigango kutambuliwa, jiwe la msingi kuwekwa, kanisa kubarikiwa au kutabarukiwa (yaani kuwekwa wakfu rasmi kwa krisma, mafuta matakatifu), na parokia kuundwa.

Tazameni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale bandarini. Prefekture ya Kitume ya Zanguebar Kusini, yaani eneo la misheni ambalo bado si jimbo, iliundwa Novemba 1887. Wamisionari Wabenedikti wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika 1888 wakaweka kituo Pugu. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, na baadaye kazi ikahamia mjini. Kanisa lenyewe lilijengwa kati ya 1897 na 1902, likatabarukiwa 1905. Prefekture ilipanda kuwa vikarieti, hatua iliyo karibu zaidi na jimbo, 1902, ikachukua jina la Dar es Salaam 1906, na tarehe 25 Machi 1953 ikawa jimbo kuu. Mtu akiuliza Mtakatifu Yosefu ana miaka mingapi, yafaa kumuuliza kwanza anahesabu misheni, jengo au hadhi.

Jubilei ya parokia huhesabiwa kuanzia hati ya askofu inayoiunda. Kanuni ya 515 ya Sheria ya Kanisa iko wazi: askofu wa jimbo peke yake ndiye anayeunda parokia, baada ya kusikiliza baraza la mapadre. Jubilei ya kanisa kama jengo huhesabiwa kuanzia kutabarukiwa, au kubarikiwa kama halikutabarukiwa. Mnaweza kuadhimisha yote mawili kwa miaka tofauti, na ni vizuri zaidi hivyo kuliko kuyachanganya. Kama kituo chenu kina mizizi kabla ya 1953, msishangae kukosa hati yenye neno "parokia". Wakati ule eneo lilikuwa bado vikarieti, na vituo vilihesabiwa kama misheni. Tafuteni barua ya kumteua padre wa kwanza kukaa pale.

Sasa kitabu chenu kinachoanza kabla ya jiwe la msingi. Kuna maelezo mawili yanayowezekana, na yanaonekana kwa macho. La kwanza: padre alikuwa tayari anakaa pale na kubatiza katika kanisa la muda, yaani kanisa la kudumu lilichelewa tu. La pili, ambalo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani: kurasa za mwanzo zilinakiliwa kutoka kitabu cha parokia mama pale parokia mpya ilipopata kitabu chake. Fungueni kurasa kumi za kwanza mzitazame kwa pamoja. Kama mwandiko ni mmoja, wino ni ule ule na mistari imenyooka bila kufutwa futwa kwa miaka minne mfululizo, hiyo ni nakala. Kitabu kilichoandikwa siku kwa siku hubadilika: wino unakolea na kufifia, padre mgeni anaweka sahihi, mtu anakosea tarehe anaikata. Tazameni pia pembeni kama kuna maneno "ex libro", yaani "kutoka kitabu", yakifuatiwa na jina la parokia nyingine.

Ikiwa ni nakala, historia yenu ya mwanzo iko kwenye vitabu vya parokia mama. Kule msitafute kwa majina. Tafuteni safu ya mahali. Padre aliyekwenda kigangoni kubatiza aliandika jina la kigango kwenye safu hiyo. Ubatizo wa kwanza wenye jina la kigango chenu ni ushahidi mzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, ingawa unathibitisha tu kwamba kigango kilikuwepo siku ile, na hausemi kilianza siku ile.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni sahihi za askofu. Askofu akija kwa ziara ya kichungaji hukagua vitabu, na mara nyingi huweka sahihi na tarehe chini ya ukurasa uliokuwa umefikiwa. Kwa Dar es Salaam hii ni hazina. Askofu Edgar Maranta, mtawa wa shirika la Wakapuchini, aliongoza kuanzia 1930 hadi 1968, kwanza kama Vikari wa Kitume (mkuu wa vikarieti), na kuanzia 1953 kama Askofu Mkuu. Baada yake ni Kardinali Laurean Rugambwa hadi 1992, halafu Kardinali Polycarp Pengo hadi 2019. Cheo kilichoandikwa chini ya sahihi kinaweza kuwapa kipindi hata pale tarehe imefutika.

Kuhusu mahali pa kutafuta, anzeni na kuria, yaani ofisi kuu, ya jimbo kuu. Hati ya kutabaruku kanisa hutolewa nakala mbili, moja hubaki kuria na nyingine kwenye kanisa lenyewe (kanuni ya 1208). Orodha za mali nazo hutunzwa pande zote mbili. Nendeni na barua ya paroko yenye muhuri, mtaje kipindi na aina ya hati mnayotafuta. Barua inayoomba "historia ya parokia yetu" humpa mtunza nyaraka kazi isiyo na mwisho.

Kwa kipindi cha Wajerumani, shajara za nyumba na barua za Wabenedikti zilipelekwa St. Ottilien kule Bavaria, na masista walikuwa wa Tutzing. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, Wajerumani wakaondolewa, na Wakapuchini wa Uswisi wakaja 1921 pamoja na masista wa Baldegg. Tegemeeni pengo katika miaka ile mitano, msilijaze kwa kubahatisha. Kwa kipindi cha Wakapuchini, kumbukumbu za nje ziko Uswisi, Luzern. Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa pale Upanga wana mafaili ya serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza, yakiwemo ya viwanja vya misheni, na maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani ina sehemu ya Afrika Mashariki. Magazeti nayo yasipuuzwe: Rafiki Yangu lilikuwa gazeti la Wakatoliki wa Dar es Salaam tangu 1910, na Kiongozi lilianza Tabora 1950. Habari za kubarikiwa makanisa zitafuteni humo pia.

Zingatieni pia mipaka. Iringa ilitolewa Dar es Salaam 1922, Mahenge 1964, na 2025 limeundwa Jimbo la Bagamoyo kwa kumega Dar es Salaam na Morogoro. Kama parokia mama yenu au binti yenu sasa iko jimbo jingine, barua ya kuomba nyaraka inakwenda kuria nyingine.

Fundi Matumbawe

Nijibu la ukuta, kwa sababu hilo halisubiri. Katibu, zuieni lipu ya saruji mpaka mjue ukuta ni wa nini.

Toeni kipande cha lipu ukubwa wa kiganja, mahali pasipoonekana, kwenye sehemu nzima na tena kwenye sehemu inayobanduka. Mkikuta jiwe lenye vitundu na vipande vya kombe, lisilo na umbo sawa, hilo ni tumbawe lililojengwa kwa chokaa. Kwaruzeni udongo wa katikati ya mawe kwa msumari: chokaa hukwanguka unga mweupe, saruji humshinda msumari. Mkikuta tofali zenye kozi zilizonyooka, ni bloku za saruji na tatizo lenu ni jingine.

Kama ni tumbawe, saruji ndiyo adui. Tumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kwenye paa linalovuja, kisha huyatoa hewani kupitia chokaa. Ukiliziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na chumvi yake. Maji yakipungua chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, inaisukuma. Ndiyo maana ukigonga unasikia mlio wa debe tupu, na ukibandua unakuta unga mweupe kama uliomwagwa. Lipu mpya ya saruji itapendeza siku ya sherehe, kisha masika mawili yakipita itaanguka na safari hii itaondoka na uso wa jiwe.

Utaratibu ni huu. Anzeni juu: paa, gata, na mabomba ya kushushia maji. Maji ya gata yanayomwagika kwenye msingi hufanya kazi yote ya chini kuwa bure. Kisha bandueni lipu ya saruji mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi ifagieni kwa brashi kavu, msiioshe kwa maji kwa sababu mtairudisha ndani. Acheni ukuta upumue kipindi cha kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Ndipo mpige lipu ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa na vipimo vitatu vya mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa pwani hapana kabisa, una chumvi. Koti moja lisizidi sentimita moja. Funikeni kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa ili jua lisilikaushe upesi, maana chokaa ikikauka haraka hupasuka nyufa ndogo ndogo na kubaki unga. Subirini zaidi ya wiki kabla ya koti la pili. Mwisho pakeni chokaa nyepesi mara nne au tano, bila rangi ya plastiki juu yake.

Kama ni bloku zenye nguzo za zege, gongeni nguzo kwa nyundo ndogo. Panapolia tupu kuna nondo iliyoota kutu. Vunjeni zege lililolegea mpaka nyuma ya nondo, sugueni kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, suuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo mzibe. Kupaka rangi juu ya ufa wa nondo ni kuficha hatari iliyo juu ya vichwa vya waamini.

Kama sherehe iko karibu, fanyeni moja tu: ondoeni lipu iliyolegea inayoweza kumwangukia mtu, fagieni, acheni wazi. Ukuta ulio wazi na safi si aibu.

Ukuta huo huo pia ni waraka. Tembeeni nje asubuhi jua likiwa linapiga kwa ubavu. Mkiona ufa wa wima ulionyooka kutoka msingi hadi paa, pale ndipo jengo la zamani lilipoishia na nyongeza ikaanza. Linganisheni ukubwa wa madirisha, unene wa ukuta na aina ya sakafu pande zote mbili za ufa huo. Makanisa mengi ya mjini yamerefushwa au kutanuliwa mabawa, na jiwe la msingi linalosomeka leo linaweza kuwa la nyongeza. Ndani tazameni kama kuna misalaba ukutani, kumi na miwili au minne, iliyochorwa au kuchongwa. Ndipo krisma inapopakwa wakati wa kutabaruku. Haithibitishi peke yake, kwani wengine huiweka kama pambo, lakini inawapa sababu ya kuitafuta ile hati kuria.

Kengele nazo zina maandishi: mwaka, mahali ilipoyeyushwa, wakati mwingine na jina la somo wake. Wekeni karatasi nyembamba juu ya maandishi na kupitisha penseli ubavu, yatatokea hata kama macho hayasomi. Kabla ya kupanda mnara, mtu aangalie nyuki na hali ya ngazi.

Picha za Kale

Naongeza kidogo juu ya picha, maana vitabu vingi vya jubilei vinaharibika hapo.

Msichanganye makanisa mawili ya bandarini. Kanisa la Azania Front ni la Walutheri, la 1898, lenye mnara wa vigae vyekundu. Mtakatifu Yosefu ni la Kigothiki, mnara wake ni mrefu uliochongoka. Picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa kutoka baharini inaweza kumdanganya mtu, na mitandaoni maelezo ya picha hubadilishana kila siku. Kwenye kadi za posta za Kijerumani someni maandishi ya chini: "katholische" ni letu, "evangelische" ni la Walutheri.

Mkitafuta kwenye hifadhi za Kijerumani, mfano mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ulio wazi mtandaoni, andikeni "Daressalam" kwa neno moja. Mkiandika kama tunavyoandika leo mtakosa sehemu kubwa. Na majina ya barabara yamebadilika: Samora ilikuwa Independence, na kabla ya hapo Acacia. Barabara yenu ya Nyerere ni Pugu Road kwenye ramani za zamani za Kiingereza. Barua ya misheni inayosema kanisa "liko Pugu Road" haina maana liko Pugu.

Katibu wa Kamati

Asanteni sana ndugu zangu. Tumebandua kipande cha lipu, ni tumbawe kwa upande wa sakristia na bloku kwa upande wa mbele. Kazi ya saruji imesimamishwa.

Bado swali la Kilatini, na la kupiga picha vitabu. Vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) wamejitolea kupiga picha kila ukurasa na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp la parokia ili watu watafute mababu zao. Kuna ubaya?

Dada wa Rejesta

Kaka Katibu, kupiga picha ni vyema, kuweka kwenye kundi hapana. Vitabu vile vina habari za watoto waliozaliwa nje ya ndoa, walioasiliwa, ndoa zilizobatilishwa, na nyingi ni za watu walio hai au watoto wao. Paroko ana wajibu wa kutoruhusu vitabu viangukie mikono ya watu wasiohusika, kanuni ya 535. Anayemtafuta babu yake aje ofisini, apewe cheti au dondoo ya mstari wake.

Kwa kupiga picha: kitabu kilale mezani karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Egamizeni jalada kwa vitambaa vilivyokunjwa ili mgongo usivunjike, kitabu kisilazimishwe kulala bapa. Pigeni jalada kwanza, halafu kila ukurasa kwa mpangilio hata kama ni mtupu, kwa sababu ukurasa mtupu usiopigwa mtu atadhani umerukwa. Majina ya faili yawe na aina ya kitabu, namba yake na ukurasa, kwa mfano UBATIZO-01-037. Mikono mikavu, penseli tu mezani, chai mbali. Palipochanika msibandike selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Wala msipeleke ukurasa kupigwa leminesheni. Baada ya kazi vitabu vikae kwenye kabati lenye tundu za hewa, mbali na ukuta wa nje, rafu ya chini ikiwa juu ya sakafu kwa kiasi cha shubiri. Unyevu wa Dar huleta ukungu hata kwenye kabati la chuma lililofungwa kabisa.

Kilatini cha rejesta ni maneno machache yanayojirudia. "Natus" au "nata" ni kuzaliwa, "baptizatus" ni kubatizwa, "filius" na "filia" ni mwana wa kiume na wa kike, "patrinus" na "matrina" ni wasimamizi, "in periculo mortis" ni ubatizo wa hatari ya kufa. Hatari kubwa ni kuchukua tarehe ya kuzaliwa mkaiandika kama ya ubatizo. Kwa watu wazima mtakuta "annorum circiter 20", yaani umri wa kukadiria, hivyo msimwandikie mtu mwaka wa kuzaliwa kama vile ni hakika. Majina nayo yamegeuzwa: Josephus, Joannes. Fahirisi za zamani mara nyingi zimepangwa kwa jina la ubatizo, si la ukoo. Vitabu vya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano vinageuka taratibu kuwa Kiswahili.

Mkihesabu ubatizo wa mwaka, tazameni kwanza kama namba zinaanza moja kila Januari au zinaendelea kitabu kizima. Namba zikiruka ghafla kwenye Aprili, huo ni Mkesha wa Pasaka, wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, wamebatizwa pamoja. Msiandike kwamba parokia "ililipuka" mwaka ule.

Wazee wahojiwe kwa matukio, si kwa miaka. Mwulize bibi kama kanisa la makuti lilikuwepo alipoolewa, kama paa la bati lilikuja kabla au baada ya Uhuru, kama jumuiya ndogo ndogo zilikuwa zimeanza wakati wa vita vya Kagera. Ndoa yake iko kwenye rejesta, na hapo mnapata tarehe kamili. Waulizeni kina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na wanakwaya wa zamani kila mmoja peke yake kwanza. Mkiwakutanisha pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika historia.

Mtunza Nyaraka

Katibu, kwa kuwa mmekuta tumbawe upande mmoja na bloku upande mwingine, jiwe la msingi liko upande gani? Kama limejengewa kwenye ukuta wa bloku, kuna uwezekano mkubwa ni la nyongeza ya mbele, na kanisa la kwanza ni hilo la upande wa sakristia. Basi tafuteni hati mbili za baraka, si moja.

Msisahau kiwanja. Hati huwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, hivyo upekuzi wa msajili wa hati ufanywe kwa namba ya kiwanja na kitalu. Kama ardhi ilimilikishwa wakati wa Wajerumani, mlolongo utakuwa na hatua ya 1963, umiliki wa kudumu ulipogeuzwa kuwa ukodishaji wa serikali, na 1969 ulipokuwa haki ya kumiliki. Ramani ya upimaji iliyoambatishwa mara nyingi inaonyesha mchoro wa jengo lililokuwepo siku ya kupima. Uwekeni juu ya mchoro wa kanisa la leo, na kama urefu unaishia pale bloku zinapoanzia, mtakuwa mmepata ukubwa wa kanisa la kwanza na tarehe ambayo lilikuwa tayari limesimama.